Dumu la Fundi

Kiangazi, 2024.

Mwanangu na mjukuu wangu,

Msifungue friji, umeme haujarudi. Simu yangu imezima, ndiyo maana naandika.

Asubuhi ulipokatika, mwanangu ulifoka: "Bila jenereta tutakwama!" Mjukuu ukamjibu: "Moshi wake ndio ulioharibu mapafu ya Babu. Tuweke sola!" Mkaenda kazini mmenuniana. Hakuna aliyechungulia chumbani kwa Babu, wala aliyekumbuka kwamba mashine yake ya kupumulia imezimika.

Jenereta ilikuwa tupu. Nilikimbilia kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, akaniazima dumu la dizeli. Kabla sijaimimina, Mzee alikuwa ameshazidiwa, tukamkimbiza hospitalini.

~~Mzee amelazwa.~~ Mzee wetu ametutoka. Nimerudi kuchukua shuka tu. Nifuateni hospitalini, na mje pamoja.

Dumu la fundi nimemrudishia, likiwa limejaa.

Mama, na Bibi