Sifuri ya Amri, Sifuri ya Swali

Jumatatu, 3 Machi
Saa moja asubuhi: joto 37.6, unyevu 52. Mayai ya Mama Zuhura yametimiza siku ya kumi na nne kwenye mashine ya kutotolesha. Ishirini na manne. Kuku wake wote wa kuchi, wale warefu wa kienyeji, waliisha kwa ugonjwa wa kideri. Mbegu iliyobaki ni hii tu. Kengele imelia tena: "Feni imeshindwa." Nimeweka mkono. Feni inazunguka vizuri kabisa. Imekuwa hivi tangu Ijumaa, nilipoweka programu mpya ya Bakari, fundi aliyenifundisha kuandika programu. Ajabu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua msimbo wa Bakari, maandishi ya programu yake, ule unaokaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na kuongea na vifaa. Kila fanksheni, kipande cha msimbo chenye kazi yake moja, ikimaliza kazi hurudisha namba. Ya joto ikifaulu hurudisha 0. Ya feni ikifaulu hurudisha 1. Sehemu ya programu inayopokea majibu inahesabu kila kisicho sifuri kuwa hitilafu. Basi feni inasema "tayari", mwenzake anasikia "nimeharibika". Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Bakari, siku hizi yuko Kinyerezi. Hakujitetea. "Sista, ya joto niliandika mwaka juzi, ya feni juzi hapa. Mie wa juzi sikumuuliza yule wa mwaka juzi." Akaniambia nirekebishe mwenyewe, kunifundisha alishanifundisha.
Nimerekebisha zote. Kila jibu zuri sasa ni 0. Kengele kimya. Nimejisikia fundi.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kumi na nane. Asubuhi nimehamishia mayai trei ya chini. Unyevu ulitakiwa upande hadi 65. Saa nne: 50. Saa saba: 43. Saa tisa: 38. Tangi limejaa, kinyunyizio kimelala. Unyevu ukipungua siku hizi za mwisho, kifaranga hunasa ndani ya ganda.
Nimetandika vitambaa vilivyoloweshwa maji ya vuguvugu, kisha nikarudi kwenye msimbo. Kosa ni langu. Kuna fanksheni inayouliza kama maji yapo. Yakiwepo ilikuwa inajibu 1, nami juzi niliigeuza ijibu 0 kama wenzake. Mashine ikaelewa tangi ni tupu, ikazima kinyunyizio kisiungue. Hadi jana unyevu wa hewa yenyewe ulitosha, ndiyo maana sikugundua.
Nimesoma upya zote, moja moja. Zipo zinazopewa amri: washa, pima, zima. Hapo sifuri ni "hakuna kosa", na namba hasi hutaja kosa gani. Zipo zinazoulizwa swali. Hapo moja ni ndiyo, sifuri ni hapana. Ya feni ni amri, ilistahili kubadilishwa. Ya maji ni swali. Nilitaka zifanane bila kuuliza kila moja inafanya kazi gani.
Saa kumi na moja: 64. Nina aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Mama Zuhura, hapa hapa Bunju, mtaa wa pili. Nimemwamkia, nimemweleza yote bila kupunguza. Alikuwa anachambua choroko za futari. Nilipoanza kumpa pole akanikatiza.
"Pole ya nini, na mayai hayajafa? Niambie nije lini."
Jumanne, nikasema.

Jumatatu, 10 Machi
Ganda la kwanza limetoboka saa mbili. Hadi saa kumi, tisa wametoka. Wengine wanagonga, wanapumzika, wanagonga. Sijafungua mlango hata mara moja, unyevu usipotee. Nilitaka sana.

Jumanne, 11 Machi
Kumi na sita. Manane hayakutotolewa.
Mama Zuhura amekuja na boksi lililotobolewa matundu. Amepokea mmoja mmoja, akiwatazama miguu. Hakuuliza kuhusu yale manane. Nimemwambia mwenyewe: sijui mangapi niliyaua mimi, mangapi yasingetoka hata hivyo. Akafunga boksi kwa kanga.
"Hawa wakitaga, nakuletea mayai mengine."
Ameondoka taratibu, upande wa kivuli. Mashine ni tupu. Nimeiosha, nimeacha mlango wazi ikauke.