Zungumza na Dalali

Izamal, 9 Februari 1997

Mwanangu Nidia,

Marahaba kwa salamu zako, na pole na baridi ya huko San Francisco. Mimi mzima, ila magoti, na magoti si ugonjwa, ni umri. Shangazi yako Delmi anakusalimu. Anauliza kama bado unapika kwenye ule mgahawa au umeshaolewa. Nimemwambia hayo mawili hayagombani.

Nimeamua kuuza nyumba. Usilie. Vyumba sita vya mtu mmoja na popo, dari ya sebuleni inavuja, na juzi niliteleza nikalala chini mpaka Delmi alipokuja kuazima sukari. Nataka kanyumba kadogo, na akiba ya kula bila kukuomba wewe.

Basi neno halijapoa mdomoni, don Rutilio huyu hapa mlangoni na lile boksi lake la mikate mitamu. Unajua anavyoitamani kona yetu. Nyumba mbili za pembeni ameshazinunua ajenge hoteli, na bila kona hii magari hayana pa kuingilia. Akanywa chokoleti vikombe viwili, akasema, "Komadre, madalali ni kupe. Watakunyonya bure. Mimi na wewe tumeshikana kwa ubatizo wa Nidia, na kati ya walioshikana kwa ubatizo hakuna bei." Kisha akataja bei yake, na kweli, haikuwa bei.

Nilitaka kusema hapana. Lakini utamkataliaje usoni kompadre wako, mtu aliyemshika mwanao kwenye maji ya ubatizo? Hapa ukifanya hivyo hata padre atakuuliza. Nikasema, "Tutaona, kompadre." Akaondoka anatabasamu. Anajua "tutaona" zangu huishia wapi.

Mama yako


San Francisco, 23 Februari 1997

Shikamoo Mama,

Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, na sijaolewa, mwambie shangazi.

Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, nikaunguza vitunguu. Kumbe ni maneno yale yale! Umesahau? Mwaka ule wa ugonjwa, Baba amelala kwenye bembea yake, kifua kinapiga mluzi, na don Rutilio ameketi kando na boksi la mikate. Mikate, Mama! Kwa mtu mwenye tanuri la mikate! "Kompadre, kati yetu hakuna bei." Na Baba, kwa sababu hakuweza kumkatalia usoni, akatia sahihi. Kiwanja, tanuri na kisima vikaenda kwa hela ambayo haikumaliza hata dawa. Tanuri, don Rutilio hakuliwasha hata siku moja. Alilifanya ghala la saruji. Baba alikufa akimuuliza kila anayeingia kama leo wamewasha moto.

Mimi simsamehei. Ni baba yangu wa ubatizo, nikikutana naye nitambusu mkono kama inavyotakiwa, lakini simsamehei. Nataka aonje, Mama. Aombe kitu na akikose.

Tafuta dalali. Najua utasema anakula asilimia yake. Ale! Wewe huwezi kumkatalia kompadre. Dalali anaweza, maana hana ubatizo na mtu. Akija na mikate yake, pokea mikate, na umtume kwa dalali.

Binti yako


Izamal, 20 Aprili 1997

Nidia wangu,

Marahaba. Huku joto limeanza mapema na mbu nao hawakutaka kuchelewa. Tuko salama.

Nimepata dalali. Anaitwa Abigaili Pech, ana mtoto mgongoni na mdomo usiocheka ovyo. Siku ya kwanza nilijuta. Alizunguka nyumba yangu akigonga kuta kama daktari, akaniambia hati bado iko kwa jina la babu yako na kwamba hivyo hakuna atakayenunua, hata malaika. Ameihangaikia mwezi mzima kwenye maofisi, mimi nimekaa zangu. Kisha akaniambia popo waondoke, dari izibwe, kuta zipakwe rangi, na mimi nisiwepo wanunuzi wakija.

Hilo la mwisho liliniuma. Lakini kosa langu. Mume na mke kutoka Mérida walipokuja, niliwapa panucho zangu za maharage, nikawaeleza wapi panavuja na chumba gani mama mkwe wangu alikata roho, na kwamba hakukata kwa amani. Hawakumaliza hata kutafuna. Sasa wanunuzi wakija, Abigaili ananituma sokoni kununua nyanya. Nina nyanya za kulisha kanisa.

Bei ameitaja baada ya kuulizia nyumba zilizouzwa mji mzima. Ni mara tatu ya ile ya kompadre wangu. Nilijishika kifua.

Haya, sasa kaa chini. Don Rutilio alikuja na boksi. Nikalipokea, nikatengeneza chokoleti, nikamwambia kwa upole wote, "Kompadre, mimi ningekupa hata leo. Lakini haya mambo ya nyumba, zungumza na dalali." Nidia, sijawahi kutamka maneno matamu hivyo tangu nilipokubali kuolewa na baba yako. Uso wake ukawa kama unga uliokataa kuumuka.

Akaenda kwa Abigaili na boksi jingine. Akamsifia mtoto, akasema angependa awe baba yake wa ubatizo, ili wao wawili wawe kitu kimoja. Mwanangu! Mji mzima unajua Abigaili ni mlokole. Kompadre wangu tu, kwa kuzoea kubatiza nusu ya mtaa na kununua nusu iliyobaki, hakuuliza. Abigaili akamjibu, "Asante, mzee. Sisi hubatizwa tukishakuwa watu wazima, tukishajua dhambi ni nini. Subiri akue umuulize mwenyewe. Nyumba, bei ni ile ile." Delmi alicheka mpaka akalegeza sketi. Mikate, Abigaili aliila.

Mama yako


San Francisco, 11 Mei 1997

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima, na hizo nyanya zimeisha. Nimewasomea barua yako wenzangu wote wa jikoni. Yule Abigaili mpe salamu zangu, mwambie nampenda kama dada.

Jambo moja tu. Usimuuzie kwa bei yoyote. Hata akileta dhahabu. Aangalie kona ile kila asubuhi akiwa ameshika ramani ya hoteli yake, na pasiwe na pa kuingilia.

Binti yako


Izamal, 27 Julai 1997

Nidia mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na umekaa mbali na visu.

Nimemuuzia don Rutilio.

Ngoja. Daktari wa meno wa Mérida aliitaka nyumba kwa bei kamili. Abigaili, bila kupaza sauti, akamjulisha kompadre wangu kwamba kuna mwingine. Mzee akapandisha. Wa meno akapandisha. Walipandishana kama majogoo, na mimi niko sokoni nachagua nyanya. Mwisho don Rutilio alilipa zaidi ya bei tuliyoomba, na Abigaili alihakikisha pesa imeingia benki kabla funguo hazijatoka mkononi. Kompadre hakuniuliza lolote mimi. Hakuweza. Nilikuwa sipo.

Mimi ni mzee, mwanangu, siwezi kula kisasi asubuhi na jioni. Nimehamia kwa Delmi kwa muda. Usininunie.

Mama yako


San Francisco, 17 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Baba angekuuliza kama wamewasha moto. Ungemjibu nini?

Sina la kuongeza.

Nidia


Izamal, 3 Novemba 1997

Nidia,

Simu hupokei. Kadi ya siku yako ya kuzaliwa hukujibu. Kwenye barua yako hukujiita hata binti yangu, ukaweka jina tupu kama mdai wa kodi. Nimekaa nayo. Sasa kaa nawe na hii.

Mwezi wa tisa Abigaili alinijia kwa Delmi. Don Rutilio, kwa kushindana na wa meno, alibaki mtupu. Ana kona, ana ramani, hana pesa ya mafundi. Ikabidi auze kitu. Na alipokumbuka jinsi yule mwanamke alivyomkamua, alimwendea yeye yeye. "Uliniuzia vizuri," akamwambia, "sasa niuzie na changu."

Kile anachouza, mwanangu, ni kiwanja cha tanuri.

Bango lilikuwa limeshatundikwa, na mimi nikaenda kama mnunuzi yeyote. Nikamwambia Abigaili, "Nalipa bei yake, lakini jina langu lisitajwe mpaka siku ya kusomewa hati." Akasema hawezi kumdanganya mteja wake. Akaenda akamwambia hivyo hivyo: yupo mtu, analipa taslimu, hataki jina litajwe kabla ya siku hiyo. Don Rutilio akasema, "Hata awe shetani." Akapokea malipo ya kwanza, akatia sahihi.

Siku hiyo nilivaa huipili, gauni langu la kutarizi la harusi za watu. Nikaingia ofisini kwa mwanasheria na fimbo yangu na boksi la mikate mitamu, nikaliweka mbele yake. "Karibu, kompadre," nikamwambia. Alidhani nimepotea njia. Mwanasheria akaanza kusoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, mpaka akafika pa mnunuzi: Eustolia Canul, mjane wa Wilfrido Uc, mwokaji. Alisoma na neno hilo, mwokaji. Niliomba liwekwe.

Don Rutilio alishika ukingo wa meza. "Komadre," akasema, "ungeniambia. Kati yetu..." Mimi nikamsogezea boksi. Hakula hata mmoja. Nilifurahi, Nidia. Padre ameniambia niungame furaha ile, nimekataa, bado naitumia.

Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kona. Pesa iliyobaki imejenga chumba kimoja kando ya kisima, na nyingine iko benki. Saruji tumeitoa na Delmi kwa mabeseni. Jana, siku ya wafu, nilimwandalia baba yako meza palepale: mishumaa, chokoleti, na mikate niliyooka mwenyewe, iliyoungua upande mmoja.

Uliniuliza ningemjibu nini. Nimemjibu, "Ndiyo, mzee. Wamewasha."

Mama yako


San Francisco, 14 Desemba 1997

Shikamoo Mama,

Shikamoo tena, maana moja haitoshi. Nimelia mpaka mpishi mkuu akaninyang'anya kisu. Nisamehe. Nakuja kwa Pasaka, niwekee mkate ulioungua, nautaka ule ule.

Jana usiku don Rutilio alinipigia simu. Sijui nani alimpa namba. Ni shangazi, najua. Alianza kwa kuniuliza afya yangu, nami nikamwamkia vizuri, nikamwita baba, nikamwombea baraka kama nilivyofundishwa. Akasema amekaa vibaya. Mafundi wamegundua kwamba upande wa hoteli hakuna maji, na kisima kiko kwako. Akaniomba niseme nawe umrudishie kile kiwanja, kwa bei ile aliyompa Baba. Alikuwa analia, Mama, kweli kabisa. "Binti yangu," akasema, "mimi ndiye niliyekushika kwenye maji. Kati yetu hakuna bei."

Nikamwacha amalize, nisimkatize mtu mzima. Kisha nikamwambia, "Baba yangu, mimi na Mama tungekupa hata leo. Una kalamu hapo?"

Nikamsomea namba ya Abigaili.

Binti yako