Goti Langu na Mbio za Ndoo

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimekimbia tena mpaka kisimani na kurudi. Leo sijasimama hata mara moja. Halafu ndoo kichwani, halafu baiskeli ya Baba Asha. Mume wangu huyo anataka irudi kabla ya chai, basi narudisha. Tajiri wa mashine ya kukamua alizeti hapa Ilongero ndiye kaleta mbio hizi za akina mama. Unakimbia, unaendesha baiskeli, unamalizia na ndoo ya maji kichwani. Wa kwanza anapewa baiskeli mpya. Naitaka. Nikiwa na yangu napeleka kuku mjini siku ninayotaka mimi. Wasichana wananicheka, eti bibi naye yumo. Wacheke.

Ijumaa, 9 Juni
Nimeanguka. Kwenye mchanga, pale njia panda. Niligeuka nione nani anatoka kwa mama muuza pombe. Hata sikumwona. Goti limevimba kama tikiti. Baiskeli haina kitu. Ndiyo kitu cha kwanza Baba Asha alichokagua.

Jumapili, 11 Juni
Kaja Bibi Zena, anayekanda watu hapa kwetu. Kanichua na mafuta ya mkia wa kondoo, kanifunga majani ya mbarika ya moto. Nimelia bila aibu. Kasema halijavunjika, ila wiki nzima nisitoke uani. Wiki nzima! Watu wanapita njiani wanacheka na sijui wanacheka nini. Hiyo ndiyo inauma.

Jumatano, 14 Juni
Nimetoka. Leo ng'ombe wa mahari wameletwa kwa jirani yetu Mzee Musa. Nikasikia kelele, eti mmoja anachechemea, wajomba wa binti wanamkataa. Nani angekaa ndani? Nikajikongoja mpaka zizini. Nimesimama mpaka jua linazama. Ng'ombe kabadilishwa. Anayechechemea sasa ni mimi.

Alhamisi, 15 Juni
Goti baya kuliko siku ile. Bibi Zena kaitikia shikamoo yangu kwa shida. Kaligeuza, kaliangalia, kasema, "Mwanangu, goti lako haliumwi na baiskeli. Linaumwa na umbea."
Nikacheka. Alipotoka nikalia. Mambo ya watu nayasema yote, ila hili simwambii mtu. Naogopa. Naogopa sitakimbia, nitaomba baiskeli ya mtu mpaka nife.

Jumanne, 20 Juni
Sijatoka. Kweli, sijatoka. Rafiki yangu Mama Elia kaona nanyong'onyea kwa kukosa habari, kawaleta wenzetu wapepete mtama uani kwangu. Habari zote nimepata nimekaa, mguu juu ya kinu. Goti linapungua. Kumbe umbea hautaki miguu.

Jumatatu, 26 Juni
Bibi Zena kaniruhusu. Nimekwenda kisimani na ndoo, pole pole. Goti linalalamika, haliumi. Baiskeli nimeendesha macho mbele. Watu wakaniita njiani, sikugeuka. Mimi!

Jumamosi, 1 Julai
Mbio. Kwenye kukimbia nilikuwa wa mwisho, sisemi uongo. Kwenye baiskeli nikawapita wengi, wamejifunza juzi hao. Kwenye ndoo goti likakaza. Maji yananimwagikia shingoni, wasichana wananipita tena. Nikataka kuitua. Baba Asha alikuwa pembeni na wanaume wenzake. Hakucheka. Akawaacha, akaja kutembea ubavuni kwangu mpaka mwisho. Ndoo sijaitua. Baiskeli kachukua binti mmoja wa Mtinko. Roho imeniuma sana. Halafu nikala pilau ya tajiri, nikapata habari za Mtinko yote.

Jumapili, 2 Julai
Goti limefungwa tena. Asubuhi nimekuta baiskeli imeegemezwa mlango wa jikoni. Kiti kimeshushwa, kimo changu. Baba Asha kaenda mnadani kwa miguu. Habari hii sijamwambia mtu, hata Mama Elia. Bibi Zena anataka nipumzike kwanza. Nitapumzika. Kuku nitapeleka Alhamisi.