Waya Uliokatwa

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

U hali gani huko kazini? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuegemea ukuta. Naandika kwa sababu namba yako ya simu haipatikani tena.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa kwanza. Ulimi umerudi, mguu anauburuza, lakini mkono wa kulia umelala. Mtaalamu wa viungo anasema vidole visipopewa kazi miezi hii, ndiyo basi. Alimpa mpira wa kubinya. Baba akautupa chini ya kochi: "Mimi fundi redio, si mtoto wa chekechea!" Juzi akanyoosha kidole cha kushoto juu ya kabati. "Lete ile."

Ile mashine yako ya gemu, Kaka. Nilitaka kumwuliza kulikoni. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, mbele ya Baba zote mbili hunikimbia.

Runinga ya sasa ni nyembamba kama daftari. Nyaya zako tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hazina pa kuingia. Kuna matundu ya HDMI tu. Na waya wa umeme umekatika, kile kichwa kinachoingia kwenye mashine hakipo. Tufanyeje?

Mdogo wako,
Kimya

14 Machi

Kimya,

Barua nimeipata. Pole kwa kuuguza. Mimi mzima.

Nunua kisanduku cha kubadilisha: upande mmoja rangi tatu, upande wa pili HDMI. Nacho kinataka umeme wake, tumia chaja ya simu. Kisha kwa rimoti chagua tundu ulilochomeka, la sivyo utakesha unatazama giza.

Waya haukukatika. Ulikatwa. Mwambie aliyeukata auunge.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na umekaa.

Nilimwuliza. Alikoroga chai kwa mkono wa kushoto mpaka ikapoa. Halafu: "Nilikata mimi. Kwa koleo yangu." Sikujua nitazame wapi. Akasema, "Washa chuma cha kulehemu."

Basi mikono ni yangu, akili ni yake. Jasho limenitoka. "Risasi hiyo ya kuungia si uji, usiimwage!" Amepata kichwa kipya kwenye mikebe yake. Waya chanya tumeuweka ncha ya kati, hasi nje, kama alivyozoea miaka thelathini. Kisanduku nimekiagiza. Jumamosi tarehe 5 Aprili tunawasha. Kila asubuhi anaweka kidole gumba cha kulia juu ya vitufe, mashine haina hata umeme, anasukuma. Hakijasogea bado.

Sasa lile linalonikaba. Siku ile Baba hakuambiwa na mwalimu. Nilimwambia mimi, kwamba hukwenda kwenye mtihani wa hesabu, umejifungia na gemu. Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka kusifiwa. Akachukua koleo, nawe ukachukua begi. Mwaka wa tano huu. Usiponijibu nitaelewa.

Hapana, sitaelewa. Nijibu.

Kimya

31 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na maradhi.

MSIWASHE. Mashine hii si kama redio zako. Ncha ya kati ni hasi, chanya ni nje. Geuzeni nyaya kwanza. Pindua mashine utazame alama pembeni ya tundu la umeme. Wewe ndiye uliyenionyesha, siku uliyoileta nyumbani.

Mwambie Kimya nilijua. Mlango ulikuwa wazi, nilimsikia. Yeye alisema kweli. Mimi ndiye niliyeogopa kukuambia kwamba hesabu zimenishinda.

Nampa barua hii dereva wa lori la kampuni. Anasema Ijumaa atakuwa huko, kama barabara itaruhusu.

Mwanao

7 Aprili

Kaka,

Za huko? Barua yako imefika leo, Jumatatu. Lori lilikwama.

Jumamosi tuliwasha. Swichi ya ukutani aliibonyeza Baba mwenyewe. Runinga ikabaki nyeusi. Kukatoka harufu kidogo, kama kiberiti kilichozimwa. Nikachomoa. Baba akasema "Basi," akaenda kulala saa kumi jioni, uso ukutani. Jana hakula kitu. Nikawaza, nimekupoteza wewe, sasa nampoteza na yeye.

Leo nimemsomea. Nilipotamka neno la kwanza tu, "Baba," akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya nne akaninyang'anya karatasi, akataka miwani, kisha bisibisi. Tumeifungua. Kaka, ni fyuzi tu! Ndogo kama punje ya mchele, imeungua yenyewe ikayaokoa mengine yote. Nikasema nikimbie kwa fundi wa pale kona, anayo. Akanikata jicho: "Huyo fundi wa kona ndiye mwenye mashine?"

Halafu akaomba kalamu. Nikamwekea mkono wa kushoto, akaikataa, akaihamishia kulia. Ameanza adhuhuri, sasa jua linazama. Imeanguka mara nyingi na hataki niiokote. Usicheke mwandiko.

Mdogo wako

mwanangu

sikutazama alama
nilikosea
na siku ile nilikosea
njoo na fyuzi

baba