Bi Mkubwa wa Kwenye Kompyuta

Jumanne, 4 Machi
...na kweli ninaye mke mwenza! Anaishi ndani ya kompyuta ya mume wangu. Bibi wa kuchorwa, wa kijivu, hana nywele, miaka sabini na mitano. Mume wangu anasanifu kiti cha wazee kiwandani kwao, na kabla mbao hazijakatwa humkalisha kwanza huyo bibi, kisha humwinua. Goti likilemewa, linawaka rangi nyekundu. Nimempa jina Bi Mkubwa. Vipimo vyake ni vya mama mkwe, kavitoa kwa simu: "Andika nainuka kama msichana!" Mume wangu anavyomwinua polepole, kwa upole ule — jamani, nimepata mume!

Alhamisi, 6 Machi
Kiti cha majaribio kiko sebuleni. Kizuri! Kinamngoja mama. Tangu harusi hajakanyaga kwetu — leo mvua, kesho mafua. Mume wangu anasema ni uchovu tu. Mimi nahofia hanipendi. Wiki ijayo kiwanda kinaanza kuvitengeneza kwa wingi.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja!!! Kakaa, kakisifia kiti, kanisifia na mimi. Chai. Chai tena. Jua likahama dirisha, yeye yupo tu. Mume wangu akatania, leo mama kaota mizizi. Akajibiwa asimfukuze aliyemzaa.

Mume wangu alipotoka tu kupokea simu, mama akanishika mkono. "Mkamwana, nivute. Haraka, kabla hajarudi." Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena — nusura tuangukie meza, lakini akasimama! Tukacheka hadi machozi. Kumbe siku ya harusi kochi letu lilimmeza, akanyanyuliwa na wanaume wawili mbele ya wakwe. Aibu ile ndiyo iliyomzuia. Si mimi! Ananipenda! Ila kaniapisha nisimwambie mwanawe.

Jumatatu, 10 Machi
Siri imenikaba. Nikinyamaza, kiti kilekile kitaenda kwa mama za watu. Nikamwambia mume wangu amzidishie Bi Mkubwa maumivu ya magoti, basi. Akauliza, kwa nini? Nikamjibu, kwa sababu wanawake wa umri ule hawasemi ukweli wao kwenye simu. Akajaribu. Magoti mekundu, nyonga nyekundu — bibi wa watu akawa kama pilipili!

Akanitazama. "Mama alishindwa kuinuka?"

Nikambusu. Sikusema kitu! Hakuuliza tena. Akabeba kompyuta, mbio kwa bosi wake.

Jumatano, 12 Machi
Kazi ya kutengeneza viti imesimamishwa! Kiti kinaongezwa kimo, na mikono yake inasogezwa mbele ili mtu ajisukume vizuri. Nikampigia mama, nikamweleza. Akaniuliza: "Umemwambia?"

Haki ya Mungu, sijatamka neno!

Akacheka. Alivyocheka! "Haya, nipe huyo mwanangu nimweleze magoti yangu ya kweli. Na kile kitanda chenu cha wageni mkipime kimo — kabla mwezi haujaisha nakuja kulala."