Bwana Prentis Alipokuja Kuaga

Rooty Hill, Sydney
9 Aprili 2015

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimemaliza shule, na pilau ninayopika siku hizi haiungui tena.

Bwana Prentis, mbunge wetu wa jimbo, ameshindwa kwa kura thelathini, baada ya kushinda chaguzi tano mfululizo. Ndiye aliyetuandikia barua tulipokuwa hatuna karatasi za ukaazi, na Mama humwita kaka. Jana alikuja kuaga. Mama alimkaangia sambusa huku analia.

"Nyumba hii haijawahi kuniangusha," Bwana Prentis alisema.

"Hata huyu bubu wangu!" Mama akajibu, akinishika bega. "Kura yake ya kwanza kakupa wewe."

Nikainamia sinia, nikaendelea kupanga sambusa.

Bibi, sikumpa. Basi la hospitali lilipofutwa, alikaa kimya bungeni, na tangu hapo Mama hutembea dakika arobaini alfajiri kwenda kuuguza wagonjwa. Namshukuru Bwana Prentis, lakini miguu ya Mama inavimba.

Nimeshindwa kumwambia Mama kwa mdomo. Barua hii naiacha mezani bila kuifunga, aisome na kuongeza salamu zake chini, kama kawaida yetu.

Mjukuu wako,
Sumeiya