Kipindi Kisicho na Mtihani

Jumatatu, 4 Septemba 1978

Shule imefunguliwa. Donatus wa kidato cha tatu hatarudi. Alijiua likizoni, kwao Ushirombo. Mkuu wa shule, Mwalimu Bartholomeo, katuambia walimu tusilitaje jambo hilo: ukilitaja unawafundisha wanafunzi. Mstarini wakatangaziwa kwamba mwenzao "ametutoka". Hakuna aliyeuliza. Wote wanajua!

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda kwa mkuu. Nikamwambia kimya hakikumsaidia Donatus. Akasema mimi ni mwalimu wa baiolojia, si padri. Tukabishana. Mwishowe kanipa kipindi kimoja kila Alhamisi, badala ya kazi ya shamba la pamba. Kwa majaribio.

Alhamisi, 7 Septemba

Kidato cha tatu. Nimelitaja jina la Donatus. Hakuna aliyezimia. Nimewaambia: kumuuliza mwenzako kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Na siri ya namna hiyo haitunzwi — mlete kwa mtu mzima, hata kama uliapa. Makoye, aliyekaa dawati moja na Donatus, alitazama dirishani kipindi kizima.

Alhamisi, 14 Septemba

Leo wamesema. Vipigo vya nyumbani, hofu ya kufeli. Anatoli alilia, wakamcheka. Halafu wakaacha kumcheka. Makoye hakuja — eti kichwa.

Jumamosi, 16 Septemba

Nilikuwa nachambua mchele. Ngassa, rafiki wa Makoye, kaja mbio. Shikamoo yenyewe haikutoka vizuri. Makoye kampa blanketi lake na viatu, kasema hatavihitaji tena. Ngassa akamuuliza waziwazi. Akajibu ndiyo, kisha akamwapisha asiseme.

"Nimevunja kiapo, Mwalimu."

"Umefanya vizuri. Yuko wapi?"

Nimemkuta nyuma ya bweni, amekaa tu. Hakubisha. Nimempeleka zahanati ya misheni. Sista Generoza na mimi tunapokezana, haachwi peke yake. Ngassa, Makoye hataki hata kumwona.

Jumapili, 17 Septemba

Makoye amesema. Donatus alimwambia kabla ya likizo, akamwapisha. Naye akaitunza siri.

"Kipindi chako kimechelewa, Mwalimu."

Nikasema ni kweli, kimechelewa. Na kwamba yeye hakuwa amefundishwa na mtu la kufanya. Akanywa uji, nusu kikombe.

Jumatatu, 18 Septemba

Baba yake amefika kwa baiskeli kutoka Kharumwa. Vumbi mpaka nyusi. Mkuu anataka amchukue leo leo, shule itulie. Sista kakataa, mimi pia.

Nilitegemea mzee atafoka. Kasimama mlangoni, akasema tu, "Ng'wanone." Mwanangu. Makoye akageukia ukuta. Nikainuka niwapishe.

"Mwalimu, usitoke," akasema Makoye.

Nimekaa. Mzee naye kakaa, sakafuni, kando ya kitanda. Naandika hapahapa kitini. Makoye bado kaelekea ukutani, lakini mkono mmoja kauacha huku, upande wa baba yake. Mzee anautazama. Nje mkuu anauliza kwa sauti, wanaondoka au hawaondoki? Sista anamwambia asubiri. Mzee kafuta kiganja chake kwenye shati, kaushika.